Kozi ya vitenzi vya Kiingereza kwa Waitaliano, Rimini: nimelipa, nimesoma, nasema

Kwanza bei, maana najua wengi wenu ndiyo mnayoitafuta kabla hamjasoma mengine. Yuro 220 kwa msimu wote wa baridi, kuanzia Novemba mpaka mwanzoni mwa Machi, jioni mbili kwa wiki, dakika 90 kila jioni. Humo mna kisanduku cha kadi na programu ya simu. Kitabu kinauzwa peke yake kwa yuro 19, na huko mbele nitaeleza kwa nini pesa hiyo ni bora mkainunulia piadina, chapati ya huku.

Skuli yenyewe ni ndogo, vyumba viwili ghorofani, si mbali na stesheni ya treni. Jina nalihifadhi kwa sababu nitaisifu na nitaisema pia, na Rimini wakati wa baridi ni mji mdogo, watu wote wanajuana. Kozi za namna hii zipo miji mingi ya Italia, kwa hiyo chukueni ninayoyasema mkapimie ile iliyo karibu nanyi.

Inafundisha kitu kimoja tu: vile vitenzi vya Kiingereza vinavyotembea na kijineno nyuma yake. Put off, look after, run out of, get over, na jamaa zao wasiohesabika. Kitenzi unaweza kukijua, na kijineno ukakijua, na bado maana ya vyote viwili kwa pamoja ikakupita. Look ni kutazama, lakini look for ni kutafuta, look after ni kutunza, look into ni kuchunguza, look up to ni kumheshimu mtu na look down on ni kumdharau. Mtu amesoma Kiingereza skuli miaka na miaka, kisha mgeni mmoja wa Manchester anamtoa jasho kwa maneno ambayo kila moja, peke yake, ni la darasa la tatu.

Mimi ni mtu wa Kaskazini Unguja. Kiingereza nilikisoma darasani, lakini kazi nilianzia pwani ya Kiwengwa, na Kiwengwa mnaijua: mgeni ni Muitaliano kuanzia chai ya asubuhi mpaka muziki wa usiku. Kiitaliano kikaniingia kwa masikio kabla Kiingereza hakijapata pa kukaa. Wenzangu wa namna hii tupo wengi, kuanzia papasi wa Kiwengwa mpaka madereva wa Malindi na Watamu, watu wanaoweza kubishana bei kwa Kiitaliano mpaka Mmilano akasalimu amri, halafu mbele ya Mwingereza wanaanza kutafuta maneno. Sasa nipo mapokezi, zamu ya usiku, kwenye hoteli ya nyota tatu Marina Centro. Hoteli nyingi za hapa hufungwa msimu ukiisha, lakini yetu haifungwi kwa sababu ya maonesho ya biashara: Novemba kuna Ecomondo, Januari kuna Sigep, yale ya aiskrimu na keki, na mji unajaa watu wa dunia nzima. Wote wanazungumza Kiingereza, na wengi wanarudi hotelini baada ya saa sita za usiku. Ndiyo maana nikalipa.

Kwa nini kozi iwe ya wazungumzaji wa Kiitaliano peke yao? Jioni ya kwanza mwalimu wetu, mwanamke wa kaskazini mwa Uingereza ambaye Kiitaliano chake kimeshaingia lafudhi ya Romagna, alilijibu hilo kabla hajaulizwa. Mwaka 1066 Wanormandi waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wakawa wanazungumza Kifaransa huku watu wa kawaida wakibaki na lugha yao. Yalipochanganyika, Kiingereza kikajikuta na maneno mawili kwa jambo moja, la wenyeji na la wakubwa, na baadaye wasomi wakaongeza mengine ya kikubwa moja kwa moja kutoka Kilatini. Kuahirisha ni put off, ni postpone pia. Kuvumilia ni put up with, ni tolerate pia. Kuzima sigara ni put out, ni extinguish pia. Sasa Muitaliano kwao ana posticipare, ana tollerare, ana estinguere. Mkono wake unakwenda kwa neno la wakubwa bila kutumwa, kwa sababu ndilo analolitambua sura.

Hakosei sarufi, na anaeleweka. Ila anazungumza na mgeni aliyelewa saa tisa za usiku kama mtu anayeagiza urojo kwa lugha ya barua ya serikali. "Sir, please extinguish the cigarette." Mgeni anacheka. Na hilo la kuchekwa ni dogo. Kubwa ni kwamba mgeni mwenyewe hamjibu kwa lugha ile. Anajibu, "Yeah, I'll put it out in a sec," na mtu wa mapokezi anabaki hajui kama amekubaliwa au amekataliwa. Kuzungumza kwa maneno ya Kilatini unaweza ukastahamiliwa; kusikiliza kwa maneno hayo hakuna, kwa sababu Mwingereza hazungumzi hivyo akiwa amechoka, ana njaa au amepoteza ufunguo.

Sisi Waswahili Kilatini si chetu. Lakini aliyefikia Kiingereza kwa njia ya Kiitaliano amekwisha kuiokota tabia hiyo, nami naisikia kwa wenzangu wa Zanzibar waliopo huku. Tena vitenzi vyetu, kama vyao, vina mwelekeo ndani yake: tunaingia, tunatoka, tunapanda, tunashuka, wao wana entrare, uscire, salire, scendere. Mwingereza kote huko ana go moja tu, kazi yote inafanywa na kijineno. Mholanzi na Mjerumani hawahangaiki, lugha zao zina vitenzi vya namna hiyo vinavyokatika katikati, ndiyo maana Mholanzi akifika mapokezi unadhani amelelewa Liverpool. Basi darasa lilinihusu kama lilivyomhusu aliyekaa upande wangu wa kulia, mwokoaji wa pwani aliyezaliwa Borgo San Giuliano, mtaa wa hapa hapa Rimini.

Sasa uzuri wake. Majuma ya mwanzo hatukuandika kitu. Hakuna karatasi, hakuna orodha, ni mdomo na masikio. Muitaliano, kama sisi, hapendi neno limwishie kwa konsonanti, lazima aitafutie irabu ya kuegemea. Yeye anasema "putte offe", nasi tunasema "puti ofu". Walimu wengi niliowahi kukaa mbele yao walikuwa wakitugombeza tuikate ile irabu. Huyu hakugombeza. Alitufundisha kuihamisha konsonanti: ile ya mwisho iende ikaanze neno linalofuata. Pick it up ikawa pi-ki-tap. Turn it off ikawa te-ni-tof. Find out ikawa fain-daut. Ukiunganisha hivyo, irabu ya ziada haina pa kuingia, isipokuwa pale mwishoni kabisa, na pale haimsumbui mtu. Kwa mdomo wa Kiswahili hii ni starehe, kwa sababu silabi zetu ndivyo zilivyo, konsonanti mbele irabu nyuma. Nilikuwa naimba pi-ki-tap kabla Waitaliano hawajamaliza kushangaa.

La pili ni mkazo. Katika vitenzi hivi vingi sauti inapanda kwenye kijineno: the bus broke DOWN, I'll call you BACK, hold ON. Muitaliano anapandisha kwenye kitenzi, anakimeza kijineno, na kijineno ndicho kilichobeba maana. Mwalimu alitupigisha meza. Kila kijineno, kofi moja. Halafu akageuza: kikiwa jina la kitu mkazo unarudi mbele, CHECK-in, TAKEaway, BREAKdown. Na katika look at na look for mzigo unabaki kwa look, kijineno hakipigiwi meza. Chumba cha chini kuna ofisi ya mhasibu, masikini, sijui alikuwa anafikiri tunafanya nini huko juu.

Kuhusu mahali pa kukaa it, nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipoona thamani ya yuro zangu. Kanuni yenyewe inajulikana: jina la kitu linaweza kukaa kati au mwisho, turn off the light au turn the light off, vyote sawa. Lakini it, them, me na wenzao hukaa katikati tu. Turn it off. Ukisema turn off it umeharibu. Kwetu mapokezi hili si la mitihani. Hoteli za Italia zinatakiwa kupeleka majina ya wageni polisi ndani ya saa 24 kwa mfumo unaoitwa Alloggiati Web, kwa hiyo kila anayefika, hata akifika saa nane za usiku na mtoto amelala begani, lazima nimwombe hati na nimpe fomu. "Could you fill this in, please?" This ipo katikati. Muitaliano anasema "fill in this" na Mwingereza anasubiri sentensi iishe.

Mwalimu aliandika ubaoni neno moja kwa herufi kubwa: TIRAMISÙ, ile keki yao ya kahawa. Darasa likacheka, wakadhani ni mapumziko. Akachora mistari miwili: TIRA, MI, SU. Vuta, mimi, juu. Akaandika chini yake: PICK, ME, UP. Kitenzi, kiwakilishi, kijineno, kwa mpangilio ule ule. Alikuwapo mpishi wa keki aliyejiandikisha kwa ajili ya wateja wa Sigep, mtu aliyetengeneza tiramisù maisha yake yote. Akabaki anautazama ubao kimya, kisha akasema kwa Kiitaliano, "Kwa hiyo siwezi kusema tirasumi." Kuanzia jioni ile, mtu akikosea mahali pa it, darasa zima linamwambia "tirasumi!" na anajirekebisha mwenyewe. Mimi sijawahi kuona kanuni ya sarufi ikikaa vichwani mwa watu wazima kwa wepesi ule.

Na hilo lilifungua jambo jingine. Waitaliano wengi huapa kwamba lugha yao haina vitenzi vya namna hii, hayo ni mambo ya Waingereza. Wanavyo. Mwanaisimu wao Raffaele Simone aliliandikia suala hilo mwaka 1997, akiviita verbi sintagmatici. Buttare via ni throw away, neno kwa neno. Tirare su i bambini ni bring up, kulea watoto. Kuna mettere su, kuna portare avanti, kuna mettere sotto, ambayo ni kumgonga mtu na gari, na fare fuori, ambayo ni kumuua kabisa. Lahaja za kaskazini zimejaa vitenzi hivi. Darasa la Waromagna lilipopewa kazi ya kwenda nyumbani kuvitafuta, walirudi na kurasa, vingi wamevitoa kwa bibi zao na vingine havifai kuandikwa hapa.

Halafu zoezi la simu. Viti viwili vinageuziana mgongo, huoni uso wala mikono, na kwa Muitaliano kunyimwa mikono ni nusu ya adhabu. Mmoja ni mgeni, ana kadi ya hali yake: ndege imechelewa, gari limeharibika njiani, anataka mtu wa kumchukua uwanjani, anauliza kama mataulo yameisha. Mwingine ni hoteli. Humo ndani zinatoka zote bila kupangwa: hold on, put you through, pick you up, drop you off, run out of, get back to you. Mhudumu mmoja wa mezani aliambiwa na "mgeni" wake hang on, maana yake subiri kidogo. Yeye alijua hang up, kukata simu. Akakata. Mwokoaji wetu wa Borgo San Giuliano naye, alipopewa kadi ya mzazi mwenye wasiwasi, alimtuliza kwa sauti nzito ya upole: "Don't worry madam, I look for your children." Alikusudia look after. Mzazi yeyote angeuacha mwavuli na kukimbilia majini.

Somo la go off linastahili aya yake. Off kila mtu anaijua kutoka kwenye swichi: on ni kuwaka, off ni kuzima. The lights went off, taa zimezimika, sawasawa. The milk has gone off, maziwa yameharibika, haya, tukubali. Lakini the alarm went off ni kengele imelia! Siyo imenyamaza, imelia. Mwenzetu mmoja anayefanya kazi Riccione alisimulia kwamba mgeni alipiga simu mapokezi usiku akasema kengele ya ghorofa ya tatu "has gone off". Akamshukuru mgeni kwa taarifa njema, akarudi kukaa. Bahati njema ilikuwa moshi wa mkate uliochomwa tu. Mwalimu hakutuambia tukariri. Alituambia tuisikilize off kama kutoka katika hali uliyokuwamo: taa ilikuwa inawaka, imetoka huko, kengele ilikuwa imetulia, imetoka huko, maziwa yalikuwa mazuri, yametoka huko. Si kila kitenzi kinakubali kufunguliwa kwa ufunguo huo, naye alisema hivyo waziwazi, lakini mtu wa zamu ya usiku hatosahau tena.

Lawama sasa. Kitabu ni kibaya. Kimepangwa kwa herufi, kitenzi baada ya kitenzi, na ukifika get unakuta get about, get across, get along, get at, get away, get back, get by, get down, kurasa kwa kurasa, vyote vinafanana sura, vyote vinaingia pamoja na vyote vinatoka vimechanganyika. Chini ya kila ukurasa kuna sentensi zenye nafasi za kujaza, majibu nyuma. Mtu anajaza kwa kubahatisha, anageuza, anajipa alama. Ubaya zaidi, kila kitenzi kimepewa tafsiri moja ya Kiitaliano, na mara nyingi ni ile ile ya Kilatini: put off, posticipare. Yaani kazi yote anayoifanya mwalimu kukutoa huko, kitabu kinakurudisha. Mwalimu mwenyewe kwake kinakaa kabatini.

Kadi zina kasoro hiyo hiyo nyuma yake, ila kadi zinatibika. Mimi hubandika karatasi juu ya neno la Kiitaliano na kuandika hali badala ya tafsiri: "mgeni anataka kusogeza mbele siku ya kufika", na upande wa pili ni put off. Kisanduku kinafuata mtindo wa Mjerumani Sebastian Leitner wa miaka ya 1970. Kina vyumba vitano. Kadi mpya zinakaa cha kwanza na huzipitia kila siku. Ukiipata, inasonga cha pili, ambacho hukipitia mara chache zaidi; ukiipata tena inasonga mbele, ukiikosa inarudi mwanzo hata kama ilikuwa imefika cha tano. Hivyo muda wako unaliwa na zile zinazokushinda, siyo zile unazozijua. Kwa kazi yangu kinafaa mno, kwa sababu baina ya saa nane na saa kumi za usiku hapiti mtu, na kadi kumi juu ya kaunta hazimwoneshi mwenye hoteli kwamba umelala.

Programu ya simu sina maneno mengi nayo. Sauti zake zote ni za kusini mwa Uingereza, zimerekodiwa studio, safi kama maji ya chupa. Wageni wangu ni Waskoti, Waairishi, Wapolandi, na wafanyabiashara wa aiskrimu wa kila taifa. Kuna siku iliniandikia kosa kwa fill out, wakati Wamarekani ndivyo wanavyosema fomu inavyojazwa, na fill in ni ya Waingereza. Zote mbili ni sahihi. Inanikumbusha kufanya mazoezi saa saba mchana, saa ambayo mtu wa zamu ya usiku amelala fofofo, na hakuna pa kuibadilisha. Nimeifuta.

Tangazo lilisema darasa la watu 10. Tulikuwa 16. Zoezi la simu lina viti viwili, kwa hiyo fanyeni hesabu wenyewe ya muda unaokaa ukisikiliza wenzako, hasa akiwepo mama mmoja mwenye hoteli Bellaria ambaye akishika kiti hakiachii. Nililalamika ofisini, nikaambiwa wengine huacha wakifika Krismasi. Kweli waliacha, lakini hilo si jibu la kumpa mtu aliyelipa. Na chumba ni baridi, kipasha joto kinazimwa saa moja jioni, njooni na koti zito.

Jambo moja la maandishi nalitaja kwa sababu mnaandika barua pepe za hoteli kama mimi. Look forward to, kusubiri kwa hamu, wanaifundisha kwa njia ya non vedo l'ora di, na maana inakaa vizuri. Tabu ni kwamba baada ya di Muitaliano anaweka kitenzi kitupu, kwa hiyo anaandika "we look forward to welcome you". Hapo inatakiwa welcoming. Hoteli nusu ya pwani hii zina kosa hilo chini ya kila barua. Mwalimu alitupa wiki nzima juu ya hiyo -ing, na wengine walilalamika ni nyingi. Kwangu haikuwa nyingi.

Nani asiende? Anayetaka cheti. Mtihani wa Cambridge wa B2 First una karatasi ya kusoma na matumizi ya lugha yenye maswali 52 kwa dakika 75, na vitenzi hivi vinaweza kukutega popote, hasa sehemu ya nne, ambako unapewa neno na unaandika upya sentensi kwa maneno mawili mpaka matano. Hiyo ni kazi ya kalamu na saa, na hapa kalamu imewekwa pembeni kwa makusudi. Asiende pia ambaye Kiingereza chake hakijasimama; ukiwa bado unahangaika na do na does, baadhi ya vituo vya CPIA, yale madarasa ya serikali ya watu wazima ambako wengi wetu tulijifunzia Kiitaliano cha kibali cha kuishi, hutoa Kiingereza cha mwanzo kwa mchango mdogo, anzeni huko. Na kama hujui Kiitaliano vizuri, mizaha yote itakupita, na darasa hili nusu yake ni mizaha.

Aliyebaki, yaani Mswahili wa mapokezi, wa mezani, wa teksi au wa duka la utalii, ambaye Kiitaliano anacho na Kiingereza kinamkwama kwenye vijineno, alipe. Nimeongea na wageni wa Sigep Januari hii usiku baada ya usiku, na sikuwa tena naomba warudie kila sentensi. Mzee mmoja wa Glasgow aliniambia kwa kasi yake kwamba mwenzake amekuwa held up, yaani amecheleweshwa, watamchukua yeye kwanza halafu watarudi kumpick up mwenzake, na kama chumba hakijawa made up, yaani hakijatandikwa, si neno, hawana haraka. Nikamjibu. Hakuona kitu cha ajabu, na ndivyo inavyotakiwa.

Ukienda, omba kundi la Jumanne na Alhamisi. La Jumatatu na Jumatano lina mwalimu mwingine, kijana mpole, lakini nilikaa kwake jioni niliyokwenda kufidia kipindi na alifungua kitabu kwenye get akasoma mpaka muda ukaisha. Nafasi za Jumanne hujaa Oktoba, hoteli zikishaanza kufungwa na watu wa msimu wakawa na jioni zao, kwa hiyo pitieni ofisini Septemba, muache jina na mkaulize mapema watu watakuwa wangapi. Idadi hiyo mwandikiwe kwenye risiti.